Skripti Niliyoiita test

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Makambako, mama alinipigia simu: "Uko wapi hasa, nikutumie blanketi?" Nikamjibu, "Njombe, mama." Sikudanganya, Makambako iko mkoa wa Njombe. Blanketi likapanda basi Dar, likapita Makambako, likaenda kushuka Njombe mjini, kilomita kama 60 mbele. Jumamosi ikabidi nilifuate.

Siku hiyo sikuwa na raha. Ijumaa nilikuwa nimebandika matokeo ya jaribio la pili la Hisabati, Kidato cha Pili. Binti mmoja aliyepanda kutoka 31 hadi 64 alikuta ukutani 31 yake ileile. Aliangalia, akaondoka kimya. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba 64 ile niliiandika kwa mkono wangu, na shule imeshafungwa.

Alama nilikuwa nazikokotoa kwa skripti yangu ya Linux. Niliiita test kwa kuwa ni ya majaribio, basi. Wiki za mwanzo niliiendesha kutoka kwenye folda yake, kwa ./test, ikafanya kazi. Baadaye nikajiona mtaalamu: nikaihamishia ~/bin, nikaiweka folda hiyo mwanzoni mwa PATH, ile orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu. Nikaandika test alama2.csv. Kimya. Hakuna kosa lililoonekana, nikaamini imemaliza, nikachapisha faili la matokeo nililolikuta. Kumbe ni la jaribio la kwanza.

Kwenye Costa ya kurudi Makambako, kompyuta juu ya blanketi, niliandika which test. Ikanionyesha ya kwangu. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kisha nikaandika type -a test, na jibu la kwanza likasema hiyo ni amri ya ndani ya sheli yenyewe. Ya kwangu ilikuwa ya pili, na chini yake /usr/bin/test. Bash huanza na majina ya mkato, kisha funksheni, kisha amri zake za ndani. PATH huifikia mwisho. Ningeiweka ~/bin mbele ya folda zote duniani, isingesaidia kitu. Na hiyo test yao ukiipa neno moja tu, hukubali kwamba ni kweli na kunyamaza. which haikuliona hilo kwa sababu inapekua PATH tu.

Ningeweza kuiita kwa njia kamili, ~/bin/test, lakini nani atakumbuka saa tano usiku? Nikaibadili jina: wastani-kidato. Kwanza nililiuliza type -a jina hilo, nikaambiwa halipo. Ndani yake nikaongeza mstari wa kufuta matokeo ya zamani kabla ya kuanza. Huo ningeuweka tangu siku ya kwanza.

Jumatatu asubuhi nilibandua karatasi, nikabandika mpya, nikamwita yule binti kumwomba radhi.

"Mimi nilijua ndiyo kiwango changu, mwalimu," akasema.