Ritifaa Moja Tu

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliketi mbele ya tarakilishi ya maktaba akisoma makala kuhusu ufugaji katika Wikipedia ya Kiswahili. Katikati ya aya alikumbana na neno ng'ombe likiwa limeandikwa bila ritifaa. Jambo dogo hilo, ila kwa aliyefunzwa kuwa sauti ya ng' si ile ya ngoma, lilikera kama mchanga katika wali. Akaamua kusahihisha.

Alipobofya mahali pa kuhariri, ukurasa aliokuwa akiusoma ulitoweka. Badala yake palizuka msitu wa mabano ya kila umbo na alama za usawa. Neno lake alilitafuta kama atafutaye sindano gizani. Alipolipata akachapa ritifaa. Kidole kikateleza, zikawa mbili. Katika lugha ya alama ya Wikipedia, ritifaa mbili mfululizo ni amri ya kulaza herufi, na tatu ni amri ya kuzikoleza. Basi alipohifadhi, aya nzima kuanzia pale ililala upande, na ritifaa yenyewe isionekane. Aliondoka kwa aibu. Aliporejea siku ya pili, historia ya ukurasa ilionyesha kwamba mwenye jicho kali ameyafuta mabadiliko yake. Ng'ombe amebaki bila ritifaa.

Je, lawama ni yake? Kivinjari cha kwanza, alichokiunda Tim Berners-Lee mwaka 1990, kilimruhusu mtu kusoma na kuhariri katika dirisha lilo hilo. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye vilimwachia msomaji macho, vikamnyima mkono. Mwaka 1995 Ward Cunningham aliurudisha mkono huo kwa tovuti ya wiki, ila mwandishi alilazimika kujifunza alama. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, ilirithi neema hiyo pamoja na mzigo wake.

Ndipo kikabuniwa kihariri kiitwacho VisualEditor: mtu hubofya neno palepale alisomapo, akalirekebisha likiwa katika sura yake ya kawaida. Nyuma ya pazia, programu iitwayo Parsoid hufasiri alama kuwa ukurasa, kisha hufasiri ukurasa kuwa alama tena. Kila mwanafunzi wa tafsiri anajua ugumu wa safari ya kwenda na kurudi bila kudondosha kitu njiani. Julai 2013 kihariri hicho kilipofanywa cha kawaida kwa waliojisajili katika Wikipedia ya Kiingereza, wahariri wazoefu walilalamika kuwa ni kizito na kwamba huingiza alama zisizotakiwa. Kufikia Septemba mwaka huo kilirudishwa kuwa hiari.

Wazoefu hao hawakuwa wachoyo wa maarifa. Walikuwa wakilinda kazi za wengine zisiharibiwe na mkono usiojua ulichogusa. Hata hivyo, haraka haraka haina baraka. Haina maana kwamba safari yenyewe ni batili. Kasoro zilipopunguzwa, njia hizo mbili zilijifunza kuishi pamoja, na mhariri akaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine.

Mwanafunzi yule alirejea mara ya tatu, safari hii kwa kihariri kipya. Aliweka kishale katikati ya neno, akachapa ritifaa moja, akaeleza kwa ufupi alichokifanya, akahifadhi. Hata kama kidole kingeteleza, ritifaa mbili zingebaki ritifaa mbili: kosa la kuonekana na la kusahihishika, lisilopindua aya nzima. Ama kwa hakika, hiyo ndiyo tofauti ya maana kuliko wepesi wa kubofya. Lugha inayolilia waandishi mtandaoni haiwezi kumpoteza msomaji makini kwa sababu ya mabano. Ajuaye Kiswahili na aulizwe Kiswahili. Alama na zibebwe na mashine.