Vijikanda vya Kisogoni

Zamani za utoto wangu, kufuma kwa sindano ya ndoana kulikuwa, katika nyumba nyingi za Mombasa, ni kazi ya kupamba vitu ambavyo wala havikuomba kupambwa: migongo ya makochi, meza za chai, redio, na ilipowasili televisheni, hiyo nayo ikavishwa kitambaa cheupe cha pamba kilichotiwa wanga na kupigwa pasi hata pindo zake zikasimama. Mama yangu, aliyekuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito wa kusifu, alinifundisha kazi hiyo pasi na kunieleza manufaa yake, na mimi sikumuuliza, maana uzuri wenyewe ulitosha kuwa manufaa. Kisha yakaja makochi ya ngozi, na televisheni nyembamba zisizo na pahala pa kuweka hata ukucha, na mabinti zetu wakaanza kuona haya kuvitandika vitambaa vile mbele ya wageni. Sindano zikatiwa mikebeni.

Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya korona yalipobainika nchini, na mwezi uliofuata watu wakaamrishwa kuvaa barakoa hadharani, na Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa watu wasiingie wala wasitoke, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa akirejea kutoka zamu yake masikio yamechubuka. Lastiki ya barakoa, mtu akiivaa kutwa, hukwangua pale nyuma ya sikio ambapo ngozi ni nyembamba juu ya gegedu. Na kwa wanawake wa kwetu mashaka yalizidi, kwa sababu barakoa ile imeundwa kwa kichwa kilicho wazi, ilhali mwenye mtandio hana budi ama aipenyeze lastiki chini ya nguo, na kila anapobadilisha barakoa ajifunge upya, ama ainase juu ya nguo, ambako haikai.

“Khalati,” akaniambia, “nifumie kitu cha kuishika kisogoni.”

Fikira hiyo haikuwa yake peke yake. Huko Kanada kijana mmoja wa skauti alikuwa amekwisha kuchapisha kwa mashine vijikanda vya plastiki vya namna hiyo na kuwaachia watu kielelezo chake bure, na wafumaji wa nchi mbalimbali walikuwa wakifanya vyao kwa uzi. Kwa hakika kitu chenyewe ni chepesi mno: ukanda wa takriban sentimita 15, wenye kifungo kila upande, lastiki zikipitishwa kwenye vifungo badala ya masikio. Lakini wepesi huo una masharti. Uzi wa sufu ya bandia hunyooka baada ya siku chache, na barakoa ikalegea. Pamba hustahimili maji ya moto na sabuni, ambayo kwa muuguzi si jambo la hiari. Kifungo kikiwa kidogo lastiki hukiponyoka, na kwa kuwa vichwa havilingani, na mtandio nao huongeza unene, ni bora kutia vifungo viwili kila upande, mtu achague mwenyewe.

Vya kwanza vilikuwa vitupu, rangi ya maziwa, kama bendeji. Kisha wauguzi wenzake mpwa wangu wakataka vya samawati, vipatane na sare. Kisha mmoja akataka ua. Na tangu hapo haikuwezekana tena kuuzuia mkono. Nilifuma asumini, nikafuma korosho zile za kwenye leso, na mama mmoja wa jirani, mtu wa heshima na maneno machache, akaniuliza kama huo ulikuwa wakati wa maua. Sikumjibu, kwa adabu, ingawa ningeweza kumkumbusha kwamba mabibi wa Unguja wa karne ya 19 walizipamba barakoa zao kwa nyuzi za dhahabu. Mgonjwa aliyelala kitandani haoni kwa muuguzi wake ila macho, na huyo muuguzi akigeuka, mgonjwa huona kisogo. Sijui kwa nini kisogo hicho kisiwe na asumini. Ubishi wenye maana zaidi ulitoka kwa wavaaji wenyewe, waliolalamika kwamba ua la katikati huwachoma kila wanapopumzisha kichwa ukutani, basi maua yakahamia ubavuni, juu ya kifungo, yakakificha, na kusema kweli yakapendeza zaidi.

Mwezi wa Machi 2022 ulazima wa barakoa hadharani ulipoondolewa, nilidhani mikebe itafungwa tena. Lakini mpwa wangu alikuwa amekwisha kukitumia kijikanda kimoja kufungia pazia la chumba chake, na shoga zake walipokiona wakataka vya kwao, virefu zaidi na kwa jozi, na hao hao walioona haya kwa vitambaa vya makochi sasa huniletea vipande vya mapazia nioanishe rangi. Vile vya masikio nilikuwa nikivitoa bure. Hivi vya mapazia vina bei, na wananunua bila kubishana.