Mgonjwa Anapoitwa Kujieleza

Wengi wetu tumekulia kwenye imani kwamba ukishapata ED, ile ruhusa ya daktari ya kutofika kazini, hakuna wa kukugusa. Daktari kaandika siku 14, basi kazini wasubiri siku 14, na barua yoyote itakayoletwa kabla ya hapo ni uonevu. Imani hii nimeikuta Dar es Salaam, na nimeikuta kwa Watanzania na Wakenya wanaotunza wazee huku Uingereza. Si kweli, huko wala huku. Likizo ya ugonjwa haimzuii mwajiri kuendelea na shauri la nidhamu. Linalomlinda mgonjwa ni swali moja ambalo daktari anapaswa kuulizwa kabla kikao hakijakaa, na nyumbani swali hilo karibu haliulizwi.

Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. Sheria ya Mahusiano ya Ajira ya 1999 inampa mfanyakazi haki ya kuingia kwenye kikao cha nidhamu akisindikizwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama, kwa hiyo naviona vikao vingi. Dada mmoja wa Bukoba, anayefanya zamu za usiku, alituhumiwa kwamba mzee mmoja alikosa dozi yake na karatasi ya dawa haikusainiwa. Uchunguzi ulipoanza, akaanguka. Usingizi ulimpotea, chakula hakipiti, mikono inatetemeka. Daktari akampa cheti cha mwezi mmoja kwa msongo wa mawazo. Kabla mwezi haujaisha, bahasha ikaingia mlangoni: kikao ni Alhamisi, saa 4 asubuhi.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "wananihukumu nikiwa kitandani. Siendi, na barua siijibu."

Nilimwelewa. Viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo. Akiachishwa, Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kawaida humpunguzia muda ukabaki siku 60, ndani yake apate mdhamini mwingine au aondoke nchini. Hofu ya namna hiyo humfanya mtu aifiche barua chini ya godoro. Lakini kunyamaza ndiko kungemmaliza, maana mfanyakazi asipofika bila sababu ya maana, mwajiri anaruhusiwa kuamua kwa ushahidi alionao.

Tulijibu siku ileile. Tuliandika kwamba anataka kujieleza, na tukaomba kwanza apelekwe kwa daktari wa afya kazini, na daktari huyo aulizwe kama dada huyu anaweza kuelewa tuhuma na kuzijibu. Swali hilo ni tofauti kabisa na lile la kama anaweza kufanya kazi. Aliyevunjika mguu hawezi kumnyanyua mzee kutoka kitandani, ila anaweza kukaa mezani akajitetea vizuri. Mwenye msongo wa mawazo anaweza kutembea hadi dukani na kurudi, lakini mbele ya mameneja watatu asipate hata sentensi moja. Cheti cha kawaida cha daktari hakisemi lolote kuhusu hilo.

Jibu la daktari lilikuwa la utu na la busara. Alisema asiitwe ofisini kwa wakati ule, bali ajibu kwa maandishi na kwa video, vipande vifupi vyenye mapumziko. Aliongeza kwamba kuliacha shauri lining'inie kutamzidishia ugonjwa. Hili la mwisho nawasihi mlishike. Tunapigania kuahirisha kana kwamba kuahirisha ndiyo ushindi, na mgonjwa anabaki miezi na kesi kifuani, kila mlio wa sanduku la barua ukimshtua. Kikao kikafanyika wiki chache baadaye, binti yake akiwa chumba cha pili. Alipewa onyo la mwisho la maandishi. Kazi ikabaki.

Meneja wake hakukubali utaratibu huo kwa huruma tu. Kuna kanuni za Acas, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, na mwajiri akizipuuza bila sababu, baraza la ajira linaweza kumwongezea fidia hadi asilimia 25. Kuna pia Sheria ya Usawa ya 2010: ugonjwa wenye athari kubwa uliodumu au unaoelekea kudumu miezi 12 au zaidi huhesabiwa ulemavu, na hapo mwajiri analazimika kurekebisha mambo ili mfanyakazi asionewe.

Sasa nyumbani. Nataka nianze kwa kusema kwamba sheria yetu si maskini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Kenya kima cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Uingereza malipo ya kisheria, kuanzia Aprili 2025, yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, hela ambayo kodi ya chumba tu inaimeza. Kwa karatasi, Mtanzania anaugua kwa heshima zaidi.

Lakini mpwa wangu, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Dar es Salaam, alilazwa kwa homa ya ini huku kazini kuna upotevu wa vipuri. Barua ya kuitwa kwenye kamati ya nidhamu aliletewa na dereva. Muda aliopewa ulikuwa saa 48. Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 linasema kwa kawaida notisi isipungue saa 48, na waajiri wengi wamegeuza kiwango cha chini kuwa desturi. Kamati ikakaa bila yeye, ikaandika "alikataa kuhudhuria", na akaachishwa kazi. Kanuni hizohizo zinaruhusu kuendelea bila mfanyakazi pale tu anapokataa bila sababu ya msingi. Mtu mwenye dripu mkononi hajakataa! Ila hakuna aliyeandika kusema hawezi. Ndugu walikuwa wanashinda wodini kwa zamu, wenzake wa kiwandani walimletea matunda, bosi wake mwenyewe alikuja kumjulia hali. Upendo huo dada wa Bukoba hakuuonja, kwani wenzake walikatazwa kuwasiliana naye wakati wa uchunguzi. Lakini katika wote waliosimama kando ya kitanda kile, hakuna aliyeuliza kuhusu barua.

"Mjomba, nilidhani ED inatosha," aliniambia.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na nyingi zilimpita akiwa hospitali. Ilibidi aombe kwanza kusikilizwa nje ya muda, na karatasi za kulazwa ndizo zilizombeba. Zitunzeni, hata zilizochakaa.

Matawi ya TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na ya vyama vingine hukaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora. Naomba safari ijayo, baada ya nyongeza ya mshahara na posho ya usafiri, kiingizwe kifungu kimoja: mfanyakazi aliye kwenye likizo ya ugonjwa asisikilizwe wala asihukumiwe mpaka daktari ajibu kwa maandishi kama anaweza kujitetea, na kwa njia gani.