Jani la Jiwe

Tunalo jambo la kuungama.

Kijana mmoja wa darasa letu alifuatana na wachukuzi wa mizigo juu katika mlima Kilimanjaro, akarudi na kijiwe mfukoni. Juu yake palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kikavu, kimejikunja kama jani lililoungua. Siku ile tulikuwa tukifundisha habari za kuumbwa kwa mimea. Akasema, "Mwalimu, hiki nacho ki hai." Wenzake wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, tukamwambia ya kuwa ni uchafu wa jiwe, tukamsimamisha pembeni hata mwisho wa somo.

Jioni tulikikuta kijiwe kile mezani, tukakitia maji kidogo. Punde kile kitu kikalainika, kikajikunjua, kikawa na rangi ya kijani iliyofifia. Usiku ule usingizi ulichelewa kutujia.

Tukatafuta habari zake vitabuni. Ni likeni ya jamaa iitwayo Umbilicaria, ikaayo katika miamba ya milima mirefu. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini la kitovu, kwa kuwa hushikamana na jiwe mahali pamoja tu, upande wa chini. Wala si mmea mmoja: ni kuvu na mwani waishio pamoja. Kuvu hutoa nyumba. Mwani hupika chakula kwa nuru ya jua. Kiangazi hukauka hata ikadhaniwa imekufa. Ukungu ukipita hunywa maji, ikaanza kazi tena. Mwaka 1821, kaskazini ya Kanada, watu wa John Franklin walioshikwa na njaa waliila likeni ya jamaa hii, ingawa wengine iliwaumiza matumbo. Katika watu 20, 11 hawakurudi. Tena Simon Schwendener wa Uswisi aliposema mwaka 1867 ya kuwa ndani ya likeni wamo wawili, wataalamu wengi walimkataa. Nao walisoma kuliko sisi.

Tulikaa siku tatu bila kusema neno darasani. Siku hizo tatu zatuaibisha kuliko kile kicheko, maana sasa tulikuwa tukijua. Siku ya nne tukamwita mbele, tukamwomba radhi mbele ya wenzake wote.

Akainamisha kichwa. "Yamekwisha, Mwalimu," akasema. "Je, nitarudishiwa kijiwe changu?"