Kulala gerezani kwa hiari

Kuna watu waliolipa pesa nzuri, tena euro, ili walale mahali ambapo wenzao walifungiwa. Sitanii. Jengo lenyewe liko Amsterdam, kule Oostelijke Handelskade, mashariki ya kituo kikuu cha treni. Linaitwa Lloyd Hotel.

Mimi sikulala humo. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Nilikuwa mjini kwa mafunzo ya wiki moja, nikalala hosteli, kitanda cha juu, chini yangu jamaa anakoroma kama jenereta. Jioni moja nikapanda tramu namba 26, nikashuka Rietlandpark, nikalizunguka jengo mara mbili nikilikodolea macho. Kubwa, la matofali, paa refu. Kwa nje linakutisha kidogo.

Sasa sikilizeni. Lilijengwa kati ya 1918 na 1921, mchoraji akiwa Evert Breman, kwa ajili ya kampuni ya meli, Koninklijke Hollandsche Lloyd. Si kwa matajiri, hapana. Walilala humo wahamiaji maskini, wengi kutoka Ulaya ya Mashariki, wakisubiri meli ya kwenda Amerika ya Kusini. Naam, Wazungu wanaokimbia dhiki kwao! Na kabla ya kupewa kitanda walipelekwa kwanza jengo la jirani, wakakaguliwa afya, wakaogeshwa, na nguo zao kuuliwa chawa.

Hapo nilicheka peke yangu barabarani. Wiki chache kabla nilikuwa kwenye foleni ya viza, Dar: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, alama za vidole vyote kumi, na dada wa dirishani ananiuliza mara ya tatu, una uhakika utarudi? Angalau hakuniogesha.

Miaka ya 1930 kampuni ikafilisika. Wajerumani walipoikalia Uholanzi, jengo likawa gereza. Vita vikaisha, gereza likabaki. Kisha kuanzia 1964 hadi 1989 likawa jela ya watoto na vijana. Baadaye wakaingia wasanii na rangi zao, na mwaka 2004 likafunguliwa kama hoteli, vyumba 117. Wasanifu wa MVRDV walitoboa katikati ya jengo ili mwanga ushuke hadi chini. Na kitu nilichokipenda kuliko vyote: waliweka vyumba vya nyota moja hadi tano chini ya paa moja. Wa nyota moja alichangia bafu la koridoni, tajiri alikuwa chini ya paa hilo hilo. Sijui hoteli nyingine iliyothubutu hivyo.

Lakini kuna kitu kinanikereketa. Hoteli za namna hii huuza historia kama kachumbari pembeni ya nyama. Wahamiaji na masanduku yao wanapendeza ukutani, ni wa zamani, hawamsumbui mgeni. Je, wale vijana? Aliyefungwa humo ana miaka 15 mwaka 1989 leo hata kustaafu bado. Pengine anaishi Amsterdam hiyo hiyo, anapita na baiskeli yake kila asubuhi.

Nilisimama pale nikimuwaza. Akipewa ufunguo wa chumba bure, usiku mmoja, na kifungua kinywa juu... ataingia?