Mcheza Kwao

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, na watu wa pwani wameizoea methali hiyo zaidi katika ngoma kuliko katika mpira. Mchezaji huingia uwanjani mbele ya watu wanaomjua yeye, wazazi wake na mlango aliotokea, na hao ndio wenye haki ya kumtuza. Lakini methali haikusema tuzo hiyo ni nini pale ambapo watazamaji hawana kitu mfukoni. Wala haikusema mchezaji hufanywaje siku anapocheza kwao ili apate kuondoka kwao. Maswali hayo mawili hurudi kila mwaka kwenye uwanja wa mpira wa Mpepai, na majibu yake hutolewa na watu walioketi kwenye majani pembezoni mwa uwanja.

Mpepai ni kata ya Mbinga, mkoani Ruvuma, katika nchi ya Wamatengo. Msomaji wa visiwani aifikirie nchi ya vilima vilivyoegemeana, na upande wa magharibi ardhi ikiteremka hadi Ziwa Nyasa, ambako barabara ya lami itokayo Songea kupitia Mbinga huufikia mji wa Mbamba Bay. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Mvua huanza kiasi cha Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Uchumaji wa kahawa hushika kasi kuanzia Juni na Julai. Baina ya mvua na kahawa pana kipindi kifupi ambapo uwanja umekauka, mikono haijabanwa na kazi, na walimu wa michezo wanatafuta majina ya kupeleka mbele. Hapo ndipo huchezwa mechi ya majaribio.

Mechi hiyo haina kombe wala pointi. Timu ni moja, nayo hugawanywa mapande mawili: wenye fulana na walio vifua wazi. Wengine wamevaa njumu za kuazima, wengine raba, wengine miguu mitupu. Mchezo ukishakolea mwalimu hupuliza filimbi, akamtoa beki wa huku akampeleka kule, akamvua winga fulana na kumvika mwingine, na mabao yaliyokwisha kufungwa yakakosa mwenyewe. Anayefika amechelewa na kuuliza ni ngapi kwa ngapi hutambulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Atajibiwa kwa upole kwamba hapa hakuna anayehesabu.

Pamoja na hayo, watu huja. Huja wazee wenye fimbo zao, huja vijana waliomaliza shule wakabaki, huja akina mama na mabeseni ya maandazi, huja watoto ambao wameacha chandimu yao nyuma ya goli ili waitazame chandimu ya wakubwa. Mshabiki wa Simba huketi bega kwa bega na mshabiki wa Yanga, na kwa saa mbili utani wao hukosa pa kushika, kwa kuwa pande zote mbili ni zao. Bao likifungwa, furaha na majuto huwa katika kifua kimoja: aliyefunga ni wetu, na aliyefungwa ni wetu.

Kukosekana huku kwa adui ndiko kunakoyabadilisha macho. Katika mechi ya mashindano jicho huufuata mpira, kwa sababu mpira ndio ulioshika hatima ya wote. Katika mechi ya majaribio jicho huuacha mpira uende zake, likabaki na mtu. Humwona kijana anafanya nini mpira ukiwa mbali naye. Anarudi nyuma kwa kukimbia au kwa kutembea. Akinyang'anywa anamlaumu nani. Mwenzake akianguka anampa mkono au anampita. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi ya matokeo, lakini ndiyo yanayokumbukwa nyumbani jioni.

Na kila kundi la watazamaji lina kipimo chake. Watoto hupima kwa madaha: aliyepiga kanzu, aliyepitisha tobo, huyo amekwisha kuwa mfalme hata kama pasi zake zote zilipotea. Vijana waliobaki hupima kwa kujilinganisha, na hukumu zao ni kali kwa kuwa nyuma ya kila hukumu yupo kijana wa zamani aliyeamini kwamba angeliweza. Akina mama huona yale ambayo mwalimu hayaoni: huyu anaulinda mguu wa kushoto, yule hakula mchana. Wazee hupima polepole kuliko wote, na kipimo chao kimetoka shambani.

Wamatengo ni watu wa ngoro. Katika kilimo hicho mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari ya miraba juu ya mteremko. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, hata mlima mzima ukawa na vishimo mithili ya sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutuama vishimoni badala ya kuporomoka na rutuba, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea ya mazao yajayo. Mtu aliyelelewa na kilimo cha namna hiyo hakisifu kilicho juu kabla hajajua kilichofukiwa chini. Ndiyo maana mzee wa Mpepai akiulizwa juu ya winga mwenye mbio, hukaa kimya kwanza. Mbio amezaliwa nazo, atasema, tumtazame akishachoka. Na hakika katika dakika za mwisho, watoto walipokwisha kuchoka kushangilia, wazee ndipo wanapoanza kutazama.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba ustadi huu wa kutazama uliletwa na mpira. Pande za Ziwa Nyasa ipo ngoma ya wanaume iitwayo mganda, yenye safu zilizonyooka kama gwaride, na kijiji kimoja huweza kukialika kingine kije kishindane nacho. Ngoma hiyo ni jamaa wa beni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, aliifuatilia beni tangu miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 hadi ilipoingia bara pamoja na askari na vibarua wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa hiyo mtu wa Lamu au Mombasa akiketi leo pembezoni mwa uwanja wa Mpepai, kinachotendeka mbele yake si kigeni kwake. Katika beni na mganda vilevile mtazamaji ndiye mwamuzi: huitazama safu, huutazama unadhifu, huitazama hatua, na neno lake hubaki baada ya ngoma kuanikwa.

Wala si Mpepai pekee panapojaa watu kutazama mchezo usio na hesabu. Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako futiboli yao huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, ni desturi timu ya chuo igawanywe pande mbili wakati wa majira ya kuchipua, icheze yenyewe kwa yenyewe mbele ya wapenzi wake, miezi kadhaa kabla ya msimu. Mwezi Aprili 2016 mechi ya namna hiyo ya chuo cha Ohio State ilitazamwa na watu 100,189. Lakini mwaka 2025 chuo cha Nebraska kiliiacha desturi hiyo, na kocha wake, Matt Rhule, alieleza hofu yake wazi: mechi ikionyeshwa hadharani, wengine huwaona wachezaji wake na kuja kuwarubuni. Chuo kile kilificha ili kisinyang'anywe.

Mpepai huonyesha ili inyang'anywe, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ni ngazi: shule hutoa timu ya kata, kata hutoa kombaini ya halmashauri, halmashauri hutoa kombaini ya mkoa, na mkoa husafiri kwenda kwenye fainali za taifa, ambazo miji kama Mwanza, Mtwara na Tabora imepata kuwa mwenyeji wake. Kila anayepanda hupungua nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliyasimamisha mashindano hayo kwa miaka kadhaa, na waliokuwa na umri wa kucheza wakati huo walipitwa na wakati wao bila kuonwa na yeyote. Baadhi yao ndio hao wanaoketi sasa pembezoni mwa viwanja vya nchi hii wakihukumu kwa ukali. Mwenye kulijua hilo huusamehe ukali wao.

Tena ngazi ya karibu imevunjika. Songea ilikuwa na Majimaji, timu iliyobeba jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1998. Kijana wa Mbinga aliweza kuiota timu hiyo bila kuuota mji wa mbali. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 100, na Jumapili mama yake angeweza kupanda basi akamwone. Majimaji iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2017/2018, ndoto ya karibu ilihamia mbali: Mbeya, au Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Baba anayemwona mwanawe akipiga chenga mbili na kutoa pasi safi hupiga makofi kama wengine, kisha huhesabu moyoni ni nani atakayeshika kikapu Julai, kahawa itakapokuwa imeiva.

Basi tuzo ya mcheza kwao ni nini hapa? Si fedha. Ni neno. Neno la pembezoni mwa uwanja hutembea mbali kuliko mpira wenyewe. Jioni ile ile linakuwa limefika kisimani, dukani na kwenye kilabu cha pombe. Kijana aliyepewa jina la sifa huamka nalo, na aliyepewa la dhihaka huamka nalo pia. Yupo aliyekosa bao moja la wazi akaitwa kwa kosa hilo hadi alipooa. Yupo aliyeacha kabisa kuja uwanjani, si kwa sababu hakujua mpira, bali kwa sababu ulimi wa mtu mmoja ulikuwa mwepesi siku moja. Watu wa ushairi wanalijua jambo hili kuliko wengine: kijembe kikishatungwa vizuri hakirudi alani, hata mtungaji wake akijuta.

Lakini neno hilo hilo lina kazi nyingine ambayo hakuna wa kuifanya badala yake. Majina yanapochaguliwa kwenda mbele, upo wakati ambapo undugu huchagua, au ujirani, au heshima kwa mwenye mali. Karatasi haiwezi kupinga, kwa kuwa mechi ya majaribio haiachi karatasi. Ushahidi uliopo ni macho ya watu mia mbili tatu. Mtoto wa mkubwa akitajwa na mtoto wa mjane akaachwa, mnong'ono huanza kwa akina mama, ukapita kwa vijana, ukafika kwa wazee, na mzee mmoja huinuka, akajipangusa majani, akamwendea mwalimu pembeni. Mwalimu, shikamoo yako tumeipokea, lakini yule mvulana wa kifua wazi aliyecheza pembeni mbona hatukulisikia jina lake? Hapazi sauti, wala hatishi. Ameuliza tu, na anajua kwamba nyuma yake uwanja mzima unangoja jibu. Si kila mara swali hilo hubadilisha orodha. Lakini mwalimu aliyewahi kuulizwa mwaka huu huwa mwangalifu mwaka ujao.

Huu ndio uaminifu wa watazamaji wa mechi isiyo na pointi: wanampigania kijana apate kuwaacha. Wangenyamaza, angebaki, timu ya kata ingekuwa na nguvu na baba yake angepata mchumaji. Hawanyamazi, kwa kuwa wameona, na aliyeona kisha akaficha alichokiona amekwisha kuwa shahidi wa uongo.

Wanabaki wale ambao majina yao hayakusomwa kwa haki kabisa, kwa sababu hawakufikia. Hao ni wengi kuliko waliochaguliwa, na methali haikuwatoa. Kesho yake jioni watarudi uwanjani kwa sababu mpira upo na jua halijazama. Hakutakuwa na mwalimu mwenye daftari wala akina mama wenye maandazi. Atakuwapo pengine mzee mmoja aliyepitia njia ile akitoka shambani, akasimama, akaegemea jembe lake, akawatazama hadi mpira ulipoingia gizani. Naye asipoona la kusifu, huwaita kwa majina ya baba zao, mmoja mmoja, akawaambia wafunge mlango wa stoo ya mipira wasiibiwe, kisha akaenda zake. Na vijana wakajua kwamba wametazamwa.