Kilio Ndani ya Sifa



Jumapili ya kwanza baada ya kumzika mama, nilisimama ibadani na wimbo ukakataa kutoka. Kanisa linaruka kwa sifa, mimi ni machozi tu. Niliona haya, mchungaji mzima.

Jioni nikafungua Ezra 3. Wayahudi wamerudi kutoka Babeli, hekalu la Sulemani lilishabomolewa. Siku msingi mpya unawekwa, makuhani wanapiga tarumbeta, wana wa Asafu wanapiga matoazi, wanaimba kwa kupokezana wakimshukuru Mungu. Lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu, na wengine wengi wanapiga kelele za furaha. Sauti ikasikika mbali, na hakuna aliyeweza kutenganisha shangwe na kilio.

Sisomi popote hapo kwamba wazee waliambiwa wanyamaze. Machozi yao yalipanda kwa Mungu pamoja na shukrani za wenzao.

Mpendwa, usibaki nyumbani Jumapili eti kwa sababu huna wimbo. Njoo ulivyo. Sisi tutaimba, wewe ulie, hadi sauti yako irudi.

Ubarikiwe. Amina.